Kufuatilia nasaba ya Malta: kutoka cheti cha babu hadi rejista za karne ya 16

Malta, Gozo na Comino kwa pamoja hazizidi kilomita za mraba 316 hivi, lakini visiwa hivi vimeandikwa kuliko nchi nyingi kubwa. Mkulima asiyejua kusoma, aliyefariki karibu na mwaka 1650, anaweza kuwa na ubatizo wake, ndoa yake, kifo chake na hata shamba lake kwenye karatasi ambazo bado zipo. Kinachomkwamisha mtafutaji kwa kawaida ni uchache wa majina, maana karatasi zipo. Borg, Vella, Camilleri, Farrugia, Zammit, Galea, Micallef, Grech, Attard na Spiteri wamejaa kila kijiji, na karibu kila nyumba ina Giuseppe na Maria. Ukitafuta kwa jina la ukoo peke yake, utampata mtu, ila huenda si wako.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya vitu vitatu vinavyomtenga Giuseppe Borg wako na wenzake wote: kijiji chake, jina la utani la familia, na kumbukumbu ya ndoa.

Anza na walio hai

Kabla ya kuandika barua yoyote, kaa na wazee wa familia. Waulize majina kamili, na kwa wanawake uliza jina la ukoo walilozaliwa nalo. Uliza walisali kanisa gani, walisherehekea mtakatifu yupi, na nani alisafiri na nani. Sikukuu ya mtakatifu, ambayo Wamalta huiita festa, ni dalili kubwa. Mzee asiyekumbuka jina la kijiji anaweza kukumbuka kwamba nyumbani walimshangilia Mtakatifu Helena (Birkirkara), Mtakatifu Filipo (Ħaż-Żebbuġ) au Mtakatifu Sebastiano (Qormi). Qormi ina parokia mbili, ya Mtakatifu Georgi na ya Mtakatifu Sebastiano, kwa hiyo mwulize mzee familia ilikuwa upande gani. Swali hilo peke yake hukata kazi ya utafutaji nusu.

Halafu uliza laqam. Neno hili ni ndugu wa lakabu yetu, na kazi yake ni ileile: jina la utani linalobebwa na familia nzima, kizazi baada ya kizazi, ili wasichanganywe na majirani wenye ukoo uleule. Mara nyingi huanza na ta' au tal-, yaani "wa": wa fulani, wa kazi fulani, wa mahali fulani. Laqam haimo kwenye vyeti vingi vya serikali, lakini huonekana kwenye hati za manotari, yaani wanasheria walioandika wosia na mikataba, pengine kwenye rejista za parokia baada ya neno la Kilatini dictus au la Kiitaliano detto, yaani "aitwaye". Mtafutaji aliyepoteza laqam ya familia yake amepoteza ufunguo ambao hakuna ofisi itakayomrudishia. Iandike leo, hata kama tahajia yake una shaka nayo.

Kusanya pia vitu: picha zenye mhuri wa studio, kadi za maombi ya mazishi, hati za kusafiria, barua, kitabu cha misa chenye tarehe zilizoandikwa kwa mkono. Piga picha pande zote mbili za kila kimoja.

Jifunze kuyaona majina kwa sura zake nne

Mtu mmoja wa Malta anaweza kuandikwa kwa Kilatini kanisani, kwa Kiitaliano serikalini, kwa Kimalta nyumbani na kwa Kiingereza ughaibuni. Kiitaliano kilikuwa lugha ya mahakama na hati hadi 1934, kilipoondolewa kuwa lugha rasmi na nafasi yake kushikwa na Kimalta pamoja na Kiingereza. Andaa orodha yako kabla ya kuanza. Josephus ni Giuseppe, ni Ġużeppi, ni Joseph, na nyumbani ni Żeppi. Joannes ni Giovanni, ni Ġwanni au Ġanni, ni John. Vincentius ni Vincenzo, ni Ċensu, ni Vincent. Laurentius ni Lorenzo, ni Wenzu, ni Lawrence. Salvator ni Salvatore, ni Salvu. Emmanuel ni Emanuele, na nyumbani huweza kuwa Leli. Aloysius ni Luigi, ni Wiġi, ni Louis. Mtoto alibatizwa kwa majina mawili, matatu au zaidi, na si lazima aliishi akiitwa la kwanza.

Kuhusu majina ya ukoo, soma kwa sikio. Kwa Kimalta x hutamkwa sh, ċ ni ch, ġ ni j yetu, j ni y, z ni ts, ż ni z ya kawaida, na għ kwa kawaida haisikiki. Tahajia hii ilikubaliwa rasmi 1934. Kabla yake karani aliandika Kimalta kwa herufi za Kiitaliano, na ndiyo maana koo nyingi hadi leo zina sc au ch za Kiitaliano: Sciberras, Cachia, Cauchi. Scerri na Xerri hutamkwa sawa. Xuereb aliyefika nchi ya Waingereza angeweza kugeuka Shuereb, na Psaila wa leo anaweza kuwa Busaila katika karatasi za kale. Tengeneza orodha ya tahajia zote unazoweza kuzifikiria kwa kila ukoo, na utafute zote kila mara.

Majina ya mahali nayo yana mitego. Birgu ni Vittoriosa, Bormla ni Cospicua, Isla ni Senglea, Mdina ni Notabile. Neno Casal mbele ya jina ni kijiji tu: Casal Curmi ni Qormi. Kuna Rabat ya Malta na Rabat ya Gozo, na hii ya pili ilipewa jina Victoria mwaka 1887. Kuna Żebbuġ ya Malta na Żebbuġ ya Gozo. Hati inayosema "Rabat" bila kutaja kisiwa usiipeleke popote mpaka upate ushahidi wa pili.

Ikiwa mhenga alihama, anzia alikofikia

Wengi wanaotafuta wamezaliwa nje ya Malta, na kosa lao la kwanza ni kurukia Valletta, mji mkuu, wakiwa na jina na mwaka wa kukisia. Maliza kwanza nyaraka za nchi alikohamia. Lengo ni moja: jina la kijiji cha kuzaliwa na majina ya wazazi.

Katika karne ya 19 Wamalta walihamia zaidi pwani za Bahari ya Kati: Algeria, Tunisia, Tripoli, Misri, Corfu, Gibraltar, Izmir na Istanbul. Kwa Algeria una bahati. Kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo za enzi ya Wafaransa zimehifadhiwa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, katika hifadhi ya nyaraka za ng'ambo iitwayo ANOM, na zile za zamani zimewekwa mtandaoni bure. Hati ya ndoa ya Kifaransa hutaja mahali alikozaliwa kila mmoja, wazazi wake, na kama wako hai. Kumbuka pia sheria ya Ufaransa ya 1889: watoto wa wageni waliozaliwa Algeria walifanywa Wafaransa. Mtu anayeonekana Mfaransa katika karatasi za 1910 anaweza kuwa Mmalta kwa baba na mama.

Kwa Misri na Tunisia, tegemea rejista za parokia za Kilatini na kumbukumbu za konseli (balozi ndogo) za Uingereza. Wamalta walikuwa raia wa himaya ya Uingereza, na jambo hilo ndilo lililowatoa Misri wengi wao baada ya vita vya Suez vya 1956. Familia nyingi za namna hiyo zilikwenda Uingereza na Australia bila kurudi Malta, kwa hiyo usishangae ukikuta babu aliyezaliwa Port Said, mkewe Alexandria, na watoto London.

Uraia huo wa himaya una tokeo jingine ambalo hupoteza miezi ya watu. Mmalta aliyeingia Australia kabla ya katikati ya karne ya 20 hakuhitaji kuomba uraia, kwa hiyo kwa kawaida hana jalada la uraia. Mtafute kwenye orodha za abiria na kwenye Hifadhi ya Taifa ya Australia iliyoko Canberra. Baada ya makubaliano ya 1948 ya kuwasaidia wahamiaji nauli, idadi yao iliongezeka sana na kumbukumbu zao ni nyingi. Marekani mambo ni kinyume: huko alihesabiwa mgeni, akalazimika kuomba uraia, na fomu za baada ya 1906 huuliza tarehe na mahali pa kuzaliwa, meli, na mke na watoto. Kwa Wamalta wa Detroit fomu hiyo mara nyingi ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote. Katika orodha za meli mtafute pia kama Mwitaliano au Mwingereza, maana makarani waliandika walivyoona.

Usipuuze kikundi. Watu wa kijiji kimoja walihama pamoja na kuishi mtaa mmoja. Kama babu yako haonyeshi kijiji chake, chunguza waliosimamia ndoa yake na wazazi wa ubatizo wa watoto wake. Kijiji chao huenda ndicho chake.

Vyeti vya serikali, tangu 1863

Usajili wa kiraia Malta ulianza 1863. Ofisi yake ni Registru Pubbliku, na Gozo ina ofisi yake yenyewe, hivyo ukikosa mtu upande mmoja uliza na wa pili. Vyeti huagizwa kwa mtandao kupitia tovuti ya serikali, certifikati.gov.mt. Agiza nakala kamili, usichukue dondoo. Dondoo hutosha kufungulia akaunti ya benki. Nakala kamili ndiyo yenye wazazi, kazi, umri na makazi, na hizo ndizo zinazokuvusha kizazi.

Ukiagiza, toa unachokijua na kipimo cha shaka yako: jina, majina ya wazazi, kisiwa, na mwaka pamoja na miaka mitano huku na huku. Ukiwa na cheti cha ndoa tu, anza nacho. Hesabu ya haraka: ukikosa tarehe ya kuzaliwa, tafuta ndoa ya wazazi kwanza, kisha orodhesha watoto wote waliozaliwa kwao kuanzia mwaka huo kwa miaka 25 mbele. Mtu wako atajitokeza katikati ya ndugu zake, na hutahitaji kubahatisha.

Mambo matatu ya kuangalia. Umri kwenye cheti cha kifo hutolewa na jirani au mtoto, na mara nyingi si sahihi. Usiuamini ukapingana na ubatizo. Pili, mtoto aliyefariki mdogo alirithiwa jina na mdogo wake, kwa hiyo Carmela wa 1871 na Carmela wa 1874, wazazi walewale, ni watoto wawili. Tafuta kifo cha wa kwanza kabla ya kumpa bibi yako tarehe ya kuzaliwa. Tatu, miaka ya vita, hasa 1940 hadi 1942, watu wa miji ya bandarini walikimbilia vijiji vya ndani kwa sababu ya mabomu. Kuzaliwa Żurrieq mwaka 1941 hakuthibitishi kwamba familia ni ya Żurrieq.

Kupanda kwa ngazi ya ndoa

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Kwa Malta, ndoa ina uzito kuliko ubatizo, na atakayejenga nasaba kwa ubatizo peke yake ataikosea. Ubatizo wa "Joannes, mwana wa Antonius na Maria" unaweza kuwafaa watoto kumi wa parokia moja. Ndoa hutaja bwana na bibi harusi, baba zao, na kadiri miaka inavyosogea hutaja na mama zao kwa ukoo wao, pamoja na parokia walizotoka. Yaani karatasi moja inakupa watu sita na vijiji viwili.

Utaratibu ni huu. Chukua ndoa unayoijua, tuseme ya 1895, kati ya Giuseppe Borg mwana wa Antonio na Carmela, na Maria Camilleri binti Salvatore na Rosa. Tafuta ndoa ya Antonio Borg na Carmela, ukirudi nyuma kuanzia kuzaliwa kwa Giuseppe, kwa miaka 25. Ukiipata, una wazazi wa Antonio na wazazi wa Carmela. Rudia. Kila ngazi ni miaka 25 hadi 35. Fanya hivyo kwa upande wa kina mama pia, kwani mara nyingi ndiko kunakokupeleka kwenye kijiji kingine chenye rejista nzuri zaidi. Ukishapanda ngazi, rudi ujaze ubatizo na vifo.

Ndoa kwa desturi ilifungwa parokia ya bibi harusi. Ukiikosa kwa bwana harusi usikate tamaa, nenda kwa mke. Usitegemee kukuta ndoa nyingi wakati wa Majilio na Kwaresima, vipindi ambavyo Kanisa lilizuia sherehe zake. Kwaresima kwa Kimalta ni Randan, na msomaji wa Kiswahili ataitambua Ramadhani ndani yake.

Zingatia parokia mama. Parokia nyingi zilizaliwa kwa kugawanya nyingine. Sliema ikawa parokia 1878, na kabla ya hapo watu wake waliandikwa Birkirkara. Ħamrun ni ya 1881, Mellieħa ya 1844. Gozo, Xewkija ilijitenga 1678 na Għarb 1679, na vijiji kama Nadur vikafuata 1688. Kabla ya hapo tafuta Rabat ya Gozo. Kisiwa hicho kina jimbo lake la Kanisa tangu 1864. Rejista ikionekana kuanza ghafla, uliza mara moja: kabla ya mwaka huu watu hawa walikuwa wa kanisa gani?

Kibali cha undugu

Katika kisiwa kidogo watu waliowana walikuwa mara nyingi ndugu, na Kanisa lilizuia ndoa za ndugu hadi daraja la nne. Wakitaka kuoana waliomba kibali, na kibali kikaandikwa ndani ya kumbukumbu ya ndoa: dispensati in tertio gradu consanguinitatis, yaani "waliopewa kibali katika daraja la tatu la undugu wa damu", au maneno ya namna hiyo. Kiswahili kinatusaidia kuhesabu vizuri. Mtaje mhenga wa pamoja. Watoto wake ni daraja la kwanza, wajukuu la pili, vitukuu la tatu, vilembwe la nne. Basi wenye kibali cha daraja la tatu ni vitukuu viwili vya mtu mmoja au vya wanandoa walewale. Ukikuta tertio et quarto, mmoja ni kitukuu na mwenziwe ni kilembwe. Affinitas si damu. Ni undugu wa ndoa, kwa mfano mjane kuoa ndugu wa marehemu mkewe.

Faida yake ni kubwa. Kibali kinakuambia kwamba matawi mawili ya mti wako lazima yakutane, na mahali pa kukutania. Kama umechora mti na hayakutani pale, umekosea mahali fulani, na sasa unajua utafute kosa ndani ya vizazi vingapi. Tangu Mei 1918, sheria mpya ya Kanisa ilipoanza kutumika, katazo liliishia daraja la tatu, hivyo kukosekana kwa kibali cha la nne baada ya hapo hakuna maana yoyote.

Kusoma ukurasa wa parokia

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki uliofungwa 1563, uliwataka mapadre waandike ubatizo na ndoa. Mwaka 1575 mjumbe wa Papa, Pietro Dusina, alizuru Malta parokia kwa parokia, na taratibu za rejista zikakazwa. Parokia kadhaa za zamani zina vitabu vya karne hiyo ya 16, ilhali vifo kwa kawaida huanza baadaye. Gozo ina pengo la kusikitisha: Julai 1551 meli za Waosmani, zikiwa na amiri wa majini Turgut Reis, zilikichukua kisiwa na kuwapeleka utumwani karibu watu wote, wapatao 5,000. Nyaraka nyingi za Gozo za kabla ya hapo hazipo, na mti unaodai kufika mbali zaidi Gozo unahitaji ushahidi mzito.

Kilatini cha rejista ni kifupi na hujirudia. Filius ni mwana, filia binti, coniuges mume na mke, patrini wazazi wa ubatizo, obstetrix mkunga, vidua au relicta mjane. Quondam, mara nyingi q. tu, ni marehemu. Kwa Kiitaliano, "Giuseppe di Antonio" maana yake baba yu hai, na "Giuseppe fu Antonio" maana yake baba ameshafariki. Herufi hizo mbili zikiwekwa na tarehe hukufungia mwaka wa kifo cha Antonio kati ya hati mbili. Heri hapa haina uhusiano na heri yetu: heri natus ni "aliyezaliwa jana". Expositus ni mtoto aliyeokotwa, na hapo mstari wa damu kwenye karatasi hukoma. Neophytus ni aliyeingia Ukristo akiwa mkubwa, mara nyingi mtumwa Mwislamu aliyebatizwa na kupewa ukoo wa bwana wake au msimamizi wake. Utumwa Malta ulifutwa na Napoleon Juni 1798, na wahenga wa namna hii wapo katika miti mingi kuliko familia zinavyodhani. Waandike kwa heshima ileile kama wengine.

Tahadhari na miezi: 7bris ni Septemba, 8bris Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Anayesoma 7bris kama Julai huharibu mpangilio wote. Saa nazo. Katika nyaraka za zamani siku ilihesabiwa kwa desturi ya Italia, tangu jua kuzama, na hora secunda noctis ni saa mbili za usiku, kama tusemavyo sisi. Tofauti ni kwamba walihesabu hadi 24 bila kukata asubuhi, na kwamba Malta jua huzama mapema Desemba na kuchelewa sana Juni. Katika hati za manotari na za Shirika la Mtakatifu Yohane, lililotawala visiwa hivi 1530 hadi 1798, mwaka huweza kuanza tarehe 25 Machi. Februari 1620 ya hati kama hiyo inaweza kuwa Februari 1621 yetu.

Miaka ya tauni huvuruga vifo. Mwaka 1676 na 1813 tauni iliua maelfu, na 1837 ikaja kipindupindu. Waliokufa walizikwa haraka, nje ya makaburi ya kawaida, na wengine hawakuandikwa vizuri. Mtu anayepotea kwenye rejista miaka hiyo, na mwenzi wake akaoa au kuolewa tena baada ya mwaka mmoja, huenda alikufa wakati huo. Andika "huenda", usiandike tarehe.

Jinsi ya kumwomba paroko

Vitabu vingi viko mikononi mwa parokia zenyewe. Padre wa jimbo huitwa Dun na mtawa Patri, na barua ya Kiingereza inatosha. Omba jambo moja au mawili, usiombe historia ya ukoo. Mwandikie: ndoa ya fulani na fulani, kati ya mwaka huu na huu, wazazi ninaowajua ni hawa, chanzo changu ni hiki. Ahidi sadaka kwa kanisa na uitimize. Epuka wiki ya festa ya kijiji na siku za karibu na tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Santa Marija. Ukienda mwenyewe, panga miadi mapema, penseli mkononi, na usipige picha bila ruhusa.

Hifadhi ya jimbo kuu, kwenye Kuria (ofisi za askofu mkuu) huko Floriana, ina hati ambazo wengi hawazijui: faili za kuthibitisha kwamba mtu hajaoa kwingine. Baharia au askari mgeni aliyetaka kuoa Malta alileta mashahidi waliomjua tangu kwao, na maneno yao husimulia alikozaliwa na alikopita. Kwa mhenga aliyetoka Sicily, Ugiriki au Ufaransa, hapo ndipo mlango ulipo.

Kutoka majina hadi maisha

Status Animarum, hesabu ya waamini iliyofanywa nyumba kwa nyumba karibu na Pasaka, inaonyesha nani aliishi na nani. Pale ilipobaki, fuata nyumba moja kwa miaka kumi mfululizo: utamwona bibi mjane akihamia kwa binti, mtoto akitoweka, mtumishi akiingia. Umri humo ni wa kukadiria.

Lakini hazina kuu ni manotari. Hifadhi yao Valletta ina zaidi ya majuzuu 20,000, ya kuanzia karne ya 15. Humo mna wosia, mikopo, kodi za mashamba, mikataba ya kumfunza kijana ufundi, na mikataba ya ndoa inayoorodhesha mali ambayo bibi harusi alipewa na wazazi wake: godoro, shuka za pamba, dhahabu, kipande cha shamba na jina lake. Tatizo ni kwamba hati zimepangwa kwa notari, si kwa mteja. Tafuta notari aliyehudumia kijiji chenu kipindi hicho, kisha anza na tarehe ya ndoa na urudi nyuma wiki chache hadi miezi michache. Wosia mmoja hutaja watoto wote, walio hai na wajukuu wa waliokufa, na kumaliza ubishi wa miaka.

Hifadhi ya Taifa, katika jengo la zamani la hospitali ya Santu Spirtu huko Rabat, ina maombi ya hati za kusafiria na majalada ya utawala wa Waingereza; nyaraka za mahakama ziko Mdina. Kumbukumbu za Mahakama ya Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa iliyoshughulikia makosa ya imani, ziko kanisa kuu la Mdina, na Hill Museum & Manuscript Library ya Minnesota ilianza kuzipiga picha 1973; nyingi zinasomeka mtandaoni kwa kujisajili bure. Watu wa kawaida wamejaa humo, wakilalamikiana kuhusu matusi, hirizi na nyama iliyoliwa Ijumaa. Kwa mhenga aliyekuwa mpishi, mhudumu au fundi katika jeshi la maji la Uingereza, nenda hifadhi ya Kew, London, mfululizo wa ADM 188, wenye mahali na tarehe ya kuzaliwa.

Makaburi husaidia kidogo kuliko unavyotegemea. Hadi karne ya 19 watu walizikwa chini ya sakafu ya makanisa, na Addolorata, makaburi makubwa ya Paola, ilifunguliwa 1869. Kaburi la familia hutumika tena na tena, hivyo jina lililoko juu yake si la kila aliyemo.

DNA na nyaraka za kununuliwa

Kipimo cha DNA kitakuonyesha ndugu wengi wa Kimalta, na kitazidisha ukaribu wao. Watu waliooana ndani ya kisiwa kwa karne nyingi hushiriki vipande vidogo kwa njia nyingi. Tazama vipande virefu, vya sentimogani 20 na zaidi (sentimogani ni kipimo cha urefu wa kipande cha DNA), na usiamini jumla ya vipande vidogo vidogo. Karatasi za ukoo zenye nembo na taji zinazouzwa kwa kila jina la familia usizinunue: nembo zilikuwa za watu na nyumba fulani, si za kila Borg.

Ukitaka uraia

Tangu Agosti 2007 sheria ya Malta inaruhusu kizazi cha pili na vinavyofuata, waliozaliwa nje, kujiandikisha kuwa raia, mradi waonyeshe mhenga wa mstari wa moja kwa moja aliyezaliwa Malta na ambaye mzazi wake mmoja pia alizaliwa Malta. Kwa maneno mengine unahitaji vizazi viwili mfululizo vya kuzaliwa Malta, kisha vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa kwa kila kiungo hadi kwako. Kama mzazi wako anayekuunganisha bado yu hai, yeye hujiandikisha kabla yako. Tofauti za tahajia kati ya vyeti ndizo zinazochelewesha maombi, kwa hiyo zishughulikie mapema.

Kuandika unachokipata

Kwa kila taarifa andika parokia au ofisi, kitabu, juzuu, ukurasa, na upande: r ni mbele, v ni nyuma. Nakili maneno ya asili kabla ya kuyatafsiri, pamoja na makosa yake. Wape kila wanandoa namba, maana utakutana na Giuseppe na Maria Borg watano. Weka daftari la ulichotafuta ukakosa, na miaka uliyopitia, vinginevyo utarudi kwenye juzuu lilelile mwaka ujao. Ushahidi mmoja uuite dhana. Viwili vinavyokubaliana bila kunakiliana, ndipo mpe mtu nafasi yake kwenye mti.